Macho Yakizimika, Moyo Usizimike
Somo kwa wakatekumeni



Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale wako watu wasioona. Yuko mzee anayeongozwa kwa fimbo na mjukuu wake. Yuko mama aliyekuwa akilima shamba la maharage tangu asubuhi hata jioni, na leo haoni hata mkono wake mwenyewe akiuinua mbele ya uso. Pengine mmoja wenu, anayesomewa maneno haya na katekista, ndiye huyo. Somo la leo ni lake, na ni letu sote tunaokaa naye.

Tutajifunza mambo manne: upofu watoka wapi, huzuni ya asiyeona ni huzuni gani, afanye nini ili asimame tena, na jirani zake yawapasa nini. Sikilizeni vizuri, kwa maana mwisho kuna maulizo.

1. UPOFU SI LAANA

Mwinjili Yoane, katika sura ya 9, atueleza kwamba mitume walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu akakataa yote mawili. Hakumtafuta wa kulaumiwa. Alimkaribia yule mtu, akamgusa macho yake.

Nasi kwetu bado twauliza swali lile la mitume, ila kwa maneno mengine. Twasema: Nani amemloga? Babu yake alikosa nini? Ndipo mama mkongwe wa jirani anyoshewapo kidole, na ugomvi waingia katika ukoo. Ndugu zangu, tuache maneno hayo. Kipofu aliyeambiwa kwamba amelaaniwa apata upofu mara mbili: mara ya kwanza machoni, mara ya pili rohoni.

Upofu una visababisho vyake, na vingi vyajulikana. Mto Lowa na mto Oso hushuka kutoka milimani kuelekea Lualaba, na penye mawe maji yake hupiga kelele na kutoa povu. Katika maji ya mbio namna hiyo huzaliwa usubi, yaani inzi mdogo mweusi aumaye mchana. Akimwuma mtu mwenye ugonjwa, kisha akamwuma mwingine, ampelekea vijidudu. Vijidudu hivyo hukua kuwa minyoo, hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, na mnyoo mmoja wa kike aweza kuishi miaka 10 hata 15, akizaa watoto wasiohesabika. Watoto hao hutembea ndani ya ngozi na kuleta upele na mwasho usiomwacha mtu alale. Hufika hata machoni, na wakifa humo jicho huvimba na kupata makovu. Uchungu huo ukirudiwa miaka mingi, mwanga hupotea. Huo ndio ugonjwa uitwao upofu wa mtoni.

Dawa yake ni ivermektini, ambayo wengi waijua kwa jina la Mectizan. Tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani imekubali kuitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Katika mpango wa Afrika uliodumu tangu 1995 hata 2015, Masisi na Walikale ziliunganishwa kuwa eneo moja la kugawiwa dawa hiyo, na wagawaji walikuwa wanavijiji wenyewe. Mgawaji hampimi mtu kwa mizani, ila kwa kijiti cha urefu: mfupi apewa kidonge kimoja, mrefu apewa hata vinne. Hawapewi watoto walio chini ya miaka 5, wala wanawake wenye mimba, wala mama aliyezaa juma hilo, wala mgonjwa sana.

Sasa shikeni jambo hili. Dawa huua watoto wa minyoo, lakini minyoo mikubwa huendelea kuishi. Kwa hiyo haitoshi kuimeza mara moja. Yapasa kuimeza kila mwaka, miaka mingi, hata yule asiyejisikia mgonjwa. Vita vikizuia ugawaji mwaka mmoja, msiseme dawa imekwisha, bali ulizeni kituo cha afya itarudi lini.

Lakini dawa huzuia upofu tu. Jicho lililokwisha kuharibika kwa makovu hailirudishii mwanga. Upofu wa mtoto wa jicho ni mwingine: daktari wa macho aweza kuupasua, na mgonjwa akaona tena. Basi asiyeona asijihukumu mwenyewe, wala asihukumiwe na jirani, kabla hajaonwa na mganga wa hospitali. Wala msitie machoni maji ya majani, au unga, au maziwa, au mkojo. Wengi walikuwa na jicho lililouma tu, wakalipoteza kwa ajili ya dawa hizo.

2. TOBITI ALIYETAKA KUFA

Katika Maandiko Matakatifu kuna kitabu kizima kinachosimulia habari za mtu aliyepofuka. Jina lake Tobiti. Alikuwa mtu wa haki, naye alikuwa mkimbizi: alichukuliwa mateka akakaa Ninawi, mbali na nchi yake. Huko aliwazika maiti za ndugu zake waliouawa, ingawa kazi hiyo ilimhatarisha. Watu wa Masisi na Walikale wajua maana ya maneno hayo bila kufasiriwa.

Usiku mmoja, baada ya kumzika maiti, alilala nje karibu na ukuta, na mavi ya ndege yakamwangukia machoni. Alikwenda kwa waganga, na kadiri walivyompaka dawa zao, ndivyo macho yake yalivyozidi kuharibika, hata akawa kipofu kabisa. Akakaa hivyo miaka 4.

Tazameni sasa yaliyotokea nyumbani. Mke wake, Ana, alianza kufuma nguo ili wapate chakula. Siku moja waliomwajiri wakamlipa ujira wake, tena wakamwongezea mwana-mbuzi kuwa zawadi. Tobiti aliposikia mbuzi akilia, asiweze kumwona, alidhani ni wa wizi, akamwamuru mkewe amrudishe. Ana akamweleza, naye hakusadiki. Ndipo Ana, kwa uchungu, alipomjibu maneno makali juu ya sadaka zake na haki yake, kwamba zimemfaidia nini.

Ugomvi huo haukutoka kwa mbuzi. Mume aliyekuwa akilisha nyumba sasa alilishwa, na aibu ilimla moyo. Mke aliyefanya kazi ya watu wawili alichoka, wala hakuna aliyemshukuru. Katika nyumba nyingi zenye mtu asiyeona, mbuzi wa Tobiti hulia hata leo. Mzee ashuku kwamba wamficha chakula. Mama ashuku kwamba wamcheka. Mkwe achoka, ajibu kwa ukali, kisha ajuta usiku.

Tobiti akalia, akamwomba Mungu amwondoe duniani. Mtu mtakatifu alisema hivyo! Nayo Maandiko hayafichi. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika Rafaeli, aliyekuja kwa umbo la mtu wa kawaida, akawa mwenzi wa safari wa Tobia, mwana wa Tobiti. Msaada wa Mungu uliingia katika nyumba ile kwa mtu aliyekubali kufuatana na kijana njiani.

Tena angalieni: katika siku hizo za giza, Tobiti alimwita mwanawe akamfundisha mausia ya maisha, jinsi ya kumheshimu mama yake, kuwasaidia maskini na kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kukawia. Alikuwa haoni, alikuwa na huzuni, naye alifundisha. Macho yake yaliponywa baadaye.

3. HUZUNI SI DHAMBI

Wako wanaosema: Mkristu wa kweli halii. Maneno hayo si ya Injili. Yezu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro.

Nitawapa mfano wa mwalimu wa wakatekumeni. Katika karne ya nne, mjini Aleksandria, nchi ya Misri, aliishi mtu jina lake Didimo. Alipofuka angali mtoto wa miaka 4 hivi. Hata hivyo alijifunza kwa masikio na kwa kumbukumbu mpaka akapita wenye macho, na Mtakatifu Atanasi, askofu wa mji ule, akampa kazi ya kufundisha katika shule ya dini. Mtakatifu Yeronimo alikuwa mwanafunzi wake.

Yeronimo atuhadithia kwamba Mtakatifu Antoni, yule mkaa pweke wa jangwani, alikuja Aleksandria, akakutana na Didimo, akamwuliza kama anahuzunika kwa kukosa macho. Didimo aliona haya, akanyamaza. Antoni akamwuliza mara ya pili, na mara ya tatu. Ndipo mwalimu yule mkubwa alipokiri kwamba ndiyo, upofu wake ulimhuzunisha sana. Antoni akamfariji, akimwambia asisikitikie macho ambayo hata chungu na inzi wanayo, bali afurahie kuwa na macho yale ya ndani waliyopewa watakatifu.

Katika habari hiyo twapata mafundisho mawili. La kwanza: Antoni aliuliza mara tatu. Ukimwuliza asiyeona, Habari gani? naye akajibu, Nzuri, usiende zako upesi. Kaa chini. Uliza tena. La pili: faraja ilikuja baada ya ukweli kusemwa. Huzuni iliyofichwa ni kama maji yaliyozibwa chini ya nyumba. Haionekani, lakini yalegeza nguzo.

Lakini huzuni yaweza kuzidi hata ikawa ugonjwa. Mkiona dalili hizi zikidumu majuma mawili au zaidi, msidharau: mtu hataki kula; hapati usingizi, au alala mchana kutwa; hataki kuoga wala kuzungumza; haoni tena furaha katika jambo lolote; asema yeye ni mzigo tu. Hapo mwiteni muuguzi wa kituo cha afya, na mpasheni habari padri au katekista. Ugonjwa huo una matunzo yake kama homa ilivyo na matunzo yake, na kwenda kwa muuguzi si kukosa imani. Na mtu akisema afadhali afe, au kwamba atajiua, msingoje siku hata moja. Msimwache peke yake usiku ule. Wekeni mbali sumu, visu na kamba. Tafuteni msaada mara moja. Wala msimkaripie. Mkumbukeni Tobiti.

4. NAMNA YA KUSIMAMA TENA

Mtu aliyepofuka ukubwani amefiwa, maana maisha aliyoyajua yamekwenda. Apewe muda wa kuomboleza. Lakini matanga yana mwisho wake, na baada yake kuna kazi. Haya yafuatayo yamsaidia.

Kwanza, ajue njia zake. Kamba ifungwe toka mlangoni hata chooni, aifuate kwa mkono. Ahesabu hatua mpaka kisimani, mpaka kwa jirani, mpaka kanisani. Awe na fimbo yake mwenyewe, akiipeleka mbele ya miguu kulia na kushoto. Kila siku anayokwenda chooni bila kuongozwa, apata tena kipande cha heshima yake.

Pili, awe na kazi. Kuchambua maharage, kutwanga sombe, kusokota kamba, kusuka kikapu au mkeka, kulea mtoto mchanga: kazi hizo mikono yazijua. Mtu asiyepewa kazi yoyote aambiwa bila maneno kwamba amekwisha kufa. Na akifanya, asisifiwe kama mtoto. Ashukuriwe kama mtu mzima.

Tatu, akae kati ya watu. Aende kwenye shirika, aimbe katika kwaya, aamue mashauri pamoja na wazee. Upweke hudhuru moyo kuliko giza.

Nne, atumie masikio na kumbukumbu. Mwaka 1956, katika nchi ya Banyanga, Walikale, Mzee Candi Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, akiimba na kucheza, na maneno yake yakaandikwa yakawa kitabu kizima. Yeye hakusoma popote. Yote yalikuwa moyoni mwake. Basi asiyeona asiseme, Mimi siwezi katekisimu kwa kuwa sisomi. Wazee wetu walihifadhi mambo makubwa kuliko hayo bila karatasi.

Tano, mtoto au kijana asiyeona asinyimwe masomo. Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, alipofuka angali mdogo, na alipokuwa kijana alitunga maandishi ya nukta 6 yanayosomwa kwa vidole. Leo duniani pote wasioona wasoma kwa maandishi hayo. Wazazi waulize kwa padri au kwa mwalimu mahali yanapofundishwa.

5. WAJIBU WETU

Sheria ya Musa yakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, nayo yamtaja kuwa amelaaniwa yule ampotezaye njia. Sisi tusidhani tumeitimiza kwa kutoweka jiwe njiani. Jembe lililoachwa mlangoni ni kikwazo. Kiti kilichohamishwa bila kumwambia ni kikwazo. Kumdanganya hesabu ya fedha zake sokoni ni kikwazo, tena ni wizi.

Ukifika kwake, taja jina lako. Ukiondoka, aga, asije akazungumza na hewa. Usimsukume toka nyuma. Mpe mkono wako aushike juu ya kiwiko, nawe utangulie. Sema naye mwenyewe, wala usimwulize mtoto wake: Mzee atakula? Mzee ana kinywa.

Juu ya mtoto yule anayeongoza kwa fimbo, mbele ya nyumba kubwa ya Shirika la Afya Duniani mjini Geneva imesimamishwa sanamu ya mtoto akimwongoza hivyo mzee, ili watu wakumbuke ugonjwa wa upofu wa mtoni. Sanamu haiendi shule. Lakini mjukuu wa kijijini yampasa kwenda. Basi shirika ligawane kazi: asubuhi jirani fulani ampeleke mzee, na mtoto aende darasani. Vinginevyo ugonjwa mmoja utakuwa umefunga njia za watu wawili.

Na kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 1993 vita vimewakimbiza watu wa Masisi na Walikale mara nyingi. Bunduki zikilia usiku, kila mmoja hushika mtoto na godoro, na asiyeona husikia miguu ikipita mlangoni pake mpaka kimya kinaingia. Wengi wasioona huogopa saa hiyo kila jioni, ingawa hawasemi. Basi tuiondoe hofu hiyo kabla ya siku yake. Katika kila shirika wachaguliwe watu wawili kwa kila asiyeona, mmoja na wa akiba wake, na yeye mwenyewe aambiwe majina yao. Wakubaliane njia. Mfuko wake, fimbo yake na dawa zake ziwekwe mahali pamoja. Neno hili dogo, «Nitakuja kukuchukua», laponya usingizi wa mtu kuliko maneno mengi ya faraja. Lakini akiisha kulisema, mtu alitimize.

6. ASIYEONA NA UBATIZO

Wakristu wa kale waliuita Ubatizo Mwangaza. Katika Kwaresima, Dominika ya nne, wakatekumeni waliochaguliwa wanapofanyiwa ibada ya pili ya uchunguzi, Kanisa huwasomea Injili ileile ya mtu aliyezaliwa kipofu. Asiyeona asidhani kwamba anasomewa ili aaibishwe. Katika Injili ile ni Mafarisayo, wenye macho mazuri, waliobaki gizani, na ni yule maskini aliyemjua Bwana kwanza kwa sauti yake na kwa vidole vyake.

Siku ya Ubatizo atapewa mshumaa unaowashwa kwa moto wa Pasaka. Mwali wake hatauona, lakini joto lake atalisikia usoni, na nta yake mkononi. Maji atayasikia, mafuta atayasikia, jina lake jipya atalisikia. Sakramenti hazikuletwa kwa macho tu.

Wala tusimwahidi kwamba akibatizwa ataona tena kwa macho ya mwili. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na mwiba ukabaki, na neema ikabaki pamoja nao. Twaweza kuomba kuponywa. Bartimayo aliomba kwa sauti kuu, ingawa watu walimnyamazisha. Lakini hata asipoponywa macho, Mungu hampendi nusu.

MAULIZO

Upofu ni laana au malipo ya dhambi?
Hapana. Yezu mwenyewe alikana kwamba mtu yule alizaliwa kipofu kwa dhambi yake au ya wazazi wake.

Kwa nini yatupasa kumeza dawa ya upofu wa mtoni kila mwaka?
Kwa sababu dawa huua watoto wa minyoo, na minyoo mikubwa huishi miaka mingi ikizaa wengine.

Mkristu akihuzunika kwa kupofuka, ametenda dhambi?
Hapana. Tobiti alilia, na Didimo alikiri huzuni yake. Yafaa kumwambia Mungu na kumwambia mtu wa kuaminiwa.

Tufanye nini mtu akisema anataka kufa?
Tukae naye, tuweke mbali vitu vya hatari, tumwite muuguzi na padri mara moja, wala tusimkaripie.

Asiyeona aweza kubatizwa na kufundisha wengine?
Ndiyo. Aweza kujifunza kwa masikio na kufundisha kwa kinywa, kama Didimo.

KAZI YA JUMA HILI

Mtembelee mtu mmoja asiyeona. Mwulize habari zake, tena mara tatu. Kabla hujaondoka, fanya kazi moja ya mikono: funga kamba ya chooni, au ondoa mawe njiani. Katika mkutano wa shirika, chagueni wale wawili watakaomchukua siku ya hatari. Na wewe usiyeona, mwambie mtu mmoja juma hili neno moja la kweli lililo moyoni mwako, na mwombe akupe kazi moja.

SALA

Ee Bwana Yezu, uliyemgusa kipofu kwa mkono wako, utuguse na sisi. Uwape wasioona moyo wa nguvu na rafiki mwaminifu. Utupe sisi tunaoona uvumilivu wa kuuliza tena na tena, na miguu isiyokimbia peke yake. Mtakatifu Lusia, mwombezi wa wenye macho mabovu, utuombee. Malaika Rafaeli, mwenzi wa safari, ututangulie njiani. Amina.